Nyota za Mama Mita

Mama Mita aliichukia Kampuni kwa chuki ya mama aliyelea mtoto kwa shida, mtoto akakua, akajenga, kisha akamfungia geti. Mtu aliyemsikia akiitukana sokoni angedhani ni mteja aliyekatiwa maji asubuhi hiyo. Kumbe alikuwa mfanyakazi, tena wa tatu kwa ukongwe katika kanda nzima. Wawili waliomtangulia, mmoja alikuwa haoni tena na mwingine alikuwa amekufa, ingawa jina lake lilikuwa bado linapangiwa zamu.

"Msinipigie makofi," aliwaambia siku walipompa cheti cha miaka thelathini ya utumishi. "Nipeni mwavuli."

Mwavuli hawakumpa. Walimpa kikombe chenye picha ya tone la maji linalocheka, na kwa miaka yote iliyofuata akasoma mita akilowa.

Alipoajiriwa hakukuwa na Kampuni. Kulikuwa na tangi. Tangi la chuma juu ya kilima, pampu moja ya dizeli iliyokuwa ikikohoa kuliko kusukuma, na watu tisa waliolipwa na halmashauri kila halmashauri ilipokumbuka. Mkubwa wao alikuwa mhandisi mfupi, mkali, waliyemwita Mzee Bomba. Huyo aliziba mabomba kwa mikono yake mwenyewe akiwa na tai shingoni, ncha ya tai ameichomeka mfukoni isilowe. Mama Mita alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwenye macho makali na miguu isiyochoka, na kazi ilikuwa haitaki zaidi ya hapo. Akapewa daftari refu la jalada gumu, bisibisi ya kufungulia vifuniko vya mita, na mitaa miwili ya kuanzia. Hata jina lake la nyumbani likafa mwaka uleule. Watoto walikuwa wakimwona anakuja wanapiga kelele, "Mama Mita huyo!" na mbwa wanaitikia.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangi lilipoanza kuleta hela, wakubwa wakaliona. Likaja shirika na mkopo, ikaja pampu mpya isiyokohoa, kisha ikaja barua kwamba Mzee Bomba apumzike. Mahali pake wakaja watu watatu wenye tai ambazo hazikuwahi kuchomekwa mfukoni. Tangi likaitwa Mamlaka, Mamlaka ikaitwa Kampuni. Kampuni ikaumeza mradi wa maji wa mji wa jirani, ikatulia mwaka mmoja, ikameza miwili ya bondeni, halafu ikachukua na umeme wa kanda yote. Kila ilipomeza, walipaka geti rangi mpya na kuongeza ghorofa moja juu ya ofisi. Kwenye mkutano wa wafanyakazi mkurugenzi akaeleza kwamba huo si umezaji, ni ushirikiano.

"Hata chatu akimmeza mbuzi anaona wameshirikiana," Mama Mita akasema kutoka kiti cha nyuma.

Watu walicheka mpaka wakapigana mabega. Wiki iliyofuata akahamishiwa mtaa wenye mbwa wengi kuliko mitaa yote.

Bima nayo, hiyo yenye jengo la vioo na lifti inayoongea, ilizaliwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtu wa pampu aliungua mkono kwa maji ya rejeta, akapelekwa hospitali, akakaa kwenye benchi toka asubuhi hadi alasiri kwa kuwa hakuna aliyetaka kumgusa kabla hajalipa. Wenzake wanane walichanga. Mzee Bomba aliporudi kutoka kumwona, aliuliza swali moja tu: "Leo yeye, kesho nani?" Jumatatu kopo lilikuwa mezani kwa karani wa fedha, limeandikwa kwa rangi ya mlango: Mfuko wa Kuuguzana. Ukipita unatumbukiza. Ukiugua unapewa. Hakuna aliyeulizwa kama alikuwa anaumwa kabla ya kutumbukiza.

Baadaye wakaingia wake na waume wa wafanyakazi. Kisha wateja wakasema na wao wanaugua, waruhusiwe kuchangia pale pale dirishani wanapolipia maji. Wakaruhusiwa, na hapo kopo halikutosha tena. Ukaja muhuri, akaja mwanasheria, ikaja bodi, wakajiunga na mifuko ya miji mingine mitatu, jina likabadilishwa likawa Bima ya Afya ya Kanda. Kopo lilitupwa siku ya kuhama. Wagonjwa, wale ambao jambo lote lilianzishwa kwa ajili yao, wakaanza kuitwa hasara, na kuna watu waliolipwa mishahara mizuri kuzipunguza hasara hizo. Mama Mita alikuwa akipita mbele ya jengo lile anatema mate. Si kwa mfano. Alikuwa anatema kweli, na mlinzi alikuwa anamsalimia.

Kitu kimoja tu cha enzi ya tangi kilikuwa kimebaki, nacho kilikuwa nyota.

Sheria ya Mzee Bomba ilisema maji hayakatwi kwenye nyumba yenye mgonjwa, awe amelipa au hajalipa. Na nani wa kujua nyumba ina mgonjwa? Msoma mita. Yeye ndiye anayeingia kila ua kila mwezi, anaona kilichoanikwa kwenye kamba, anasikia nani anakohoa. Basi msoma mita akiona mgonjwa asiyetarajiwa kupona karibuni, anachora nyota ndogo pembeni mwa namba ya nyumba, na wakataji wanairuka. Cheti cha daktari hakikutakiwa. Jicho la msomaji lilitosha.

Nyota ya kwanza ya Mama Mita ilikuwa ya haki kabisa. Kuna fundi wa mapaa aliyeteleza akiwa anapiga bati, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Mkewe alimgeuza na kumwosha mara tatu kwa siku ili ngozi isioze. Kazi ikaisha, na pesa ikaisha nayo. Mama Mita alichora nyota hapo bila kufikiri, na kwa miaka kumi na mitano maji hayakukatika kwenye nyumba ile.

Lakini kudanganya kwa wema ni kama kula karanga. Ukionja moja, mkono unarudi wenyewe. Kulikuwa na bibi mwenye wajukuu wanne ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa hao wajukuu wanne. Nyota. Kulikuwa na dobi aliyeibiwa nguo za watu. Ukimkatia maji dobi, umemkata mikono. Nyota. Mwaka wa thelathini na tatu wa utumishi wake alikuwa na nyumba arobaini na moja zenye nyota, na wagonjwa wa kweli walikuwa kwenye kumi na tisa. Waliobaki ugonjwa wao ulikuwa ukata. Alizijua zote kwa kichwa, ipi ya kweli, ipi ya uongo, wala hakuona aibu hata kidogo.

Nyota moja ya uongo ilikuwa ya wifi yake.

Marehemu mume wake alimwachia vitu viwili: kitanda cha mninga na dada yake. Kitanda kilikuwa na faida. Wifi alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watoto mia nne bila kengele, anayeishi peke yake na paka. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, kuanzia namna ya kukunja shuka hadi nani alimpenda zaidi marehemu. Walitembeleana kila Jumapili ili wagombane vizuri.

Miaka saba iliyopita shule ilifungwa miezi minne, mishahara ikasimama, na wifi akashindwa kulipia maji. Angeng'oka meno yote kabla ya kuomba msaada kwa wifi yake. Mama Mita alilijua hilo, akachora nyota, akanyamaza. Wakataji wakapita mlangoni wasisimame, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wifi akaona. Na kwa kuwa hakujua sababu, akajitengenezea yake.

"Wale vijana wa maji wanapita kwangu wameinamisha vichwa," alitangaza mtaani. "Nani athubutu kugusa koki yangu? Wananijua mimi ni nani!"

Deni lake alilimaliza shule ilipofunguliwa, lakini sifa hakuiacha, wala Mama Mita hakuifuta nyota. Kila Jumapili, miaka saba, Mama Mita aliisikiliza hadithi ile ya wakataji walioogopa, akakunja midomo asiseme neno. Ilikuwa furaha yake ya siri.

Daftari lilipofutwa ikaja mashine ya mkononi. Ndani yake nyota ilikuwa swali: Nyumba yenye mgonjwa wa kudumu, ndiyo au hapana. Mama Mita akaweka ndiyo arobaini na moja. Labda hapo ndipo alipokosea. Daftari lilikuwa likirudi kabatini na kulala, lakini mashine hailali. Miaka mitatu baadaye Kampuni na Bima wakawekwa chini ya mwavuli mmoja, mabango yakatandazwa mji mzima, Namba Moja, Huduma Zote, mwanamke anacheka akiwa na bomba mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Namba ya mita ndiyo ikawa namba ya mgonjwa. Mama Mita aliliona bango, akalitukana kwa mazoea tu, akaendelea na mita zake. Hakuwaza kabisa kwamba nyota zake nazo zilikuwa zimehama, zimepanda lifti inayoongea.

Kisha wifi akaanza kuvuja damu.

Alificha miezi miwili. Alipoanguka jikoni shuleni, sufuria mkononi, walimpeleka, wakampima, wakakuta uvimbe kwenye kizazi unaokua haraka. Daktari akasema afanyiwe upasuaji ndani ya wiki sita, akichelewa damu itaisha kabla ya uvimbe. Wifi hakutetemeka. Alikuwa amechangia Bima miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo alikuwa hajaumwa hata kichwa. Akapeleka karatasi zake jengo la vioo, akasubiri, na siku ya tisa akatokea mlangoni kwa Mama Mita na barua mkononi, jasho linamtiririka.

"Wewe si unafanya kazi kwa hawa wachawi? Hebu nisomee. Mimi nimesoma, nimeona macho yangu yamelewa."

Mama Mita akasoma. Barua ilisema ombi limekataliwa. Kumbukumbu za huduma zilionyesha kwamba nyumba yenye namba hiyo ilikuwa na mgonjwa wa kudumu kwa miaka saba, na mwanachama hakumtaja mgonjwa huyo kwenye fomu zake hata mara moja. Aliyeficha ugonjwa amevunja mkataba.

"Mgonjwa wa kudumu!" wifi akapiga kelele. "Nyumba nzima nipo mimi na paka. Mgonjwa nani, paka? Nani kaniandika mgonjwa, mimi? Nikimjua huyo mtu, wifi, nakuapia, nitamkaanga!"

Mama Mita akaikunja barua taratibu. Mavi ya kale hayanuki, wanasema, lakini ya kwake yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta.

"Niachie hii," akasema. "Kesho nitaenda."

"Nenda uwachome macho."

Alikwenda. Alikaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki chini ya picha ya mkurugenzi, kisha akaitwa kwa afisa wa madai. Alitegemea kukuta mtu katili, akapata shida kidogo, kwa kuwa afisa alikuwa na sauti ya upole, kucha safi, na bilauri ya maji aliyomsogezea kabla hajaomba. Lakini chuki yake ilikuwa imekomaa, haikusumbuliwa na bilauri.

"Hiyo alama niliiweka mimi," akasema bila salamu. "Hakukuwa na mgonjwa. Nilidanganya ili asikatiwe maji. Ifuteni, mumpasue wifi yangu."

Afisa akatazama kioo chake, akabofya, akatazama tena.

"Mama yangu, una alama arobaini na moja."

"Nazijua."

"Zote ni za uongo?"

"Ishirini na mbili. Kumi na tisa zina wagonjwa. Nipe karatasi nikuandikie ipi ni ipi, nyumba kwa nyumba, sihitaji hata miwani."

Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni iliyofundishwa kwenye semina. "Mfumo haufanyi kazi hivyo. Unanipa mambo mawili tu. Chanzo ni cha kuaminika, au chanzo si cha kuaminika. Chanzo ni wewe. Ukibaki wa kuaminika, alama zote zinabaki, na ombi la wifi yako limekufa. Usipokuwa wa kuaminika, zote arobaini na moja zinafutika, na madai ya wifi yako yanafunguliwa leo hii."

"Na wale kumi na tisa? Watakatiwa maji?"

"Upande wa maji si idara yangu. Wenye wagonjwa wa kweli wataomba upya. Wataleta cheti cha daktari bingwa, siku tisini kushughulikiwa."

"Siku tisini! Kuna mtu anaoshwa mara tatu kwa siku asioze. Wewe ungekaa siku tisini bila kuoga?"

"Sijaandika mimi hizo taratibu, mama yangu."

"Hakuna aliyeziandika! Kila nikiingia jengo hili nauliza nani kaandika, hakuna aliyeandika. Zimeota kama uyoga?"

Afisa akangoja amalize. Kisha akasema, bila ukali, "Mama, umeniambia mwenyewe kwamba ulidanganya mara ishirini na mbili. Sasa nitakuamini vipi kwenye hizo kumi na tisa?"

Mama Mita akaisogeza ile bilauri pembeni. Swali hilo lilimuuma kuliko yote. Mtu yule alikuwa wa kuchukiza, na alikuwa na haki. Kama angechora nyota za kweli tu, leo neno lake lingekuwa na uzito. Alikuwa amewaweka wale kumi na tisa rehani bila kuwauliza.

Afisa akampa fomu ya kurasa mbili, mahali pa kusaini pamewekwa alama ya penseli. Alipewa mpaka Ijumaa.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wifi, akamkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, kitambaa kimefungwa kiunoni, anachambua mchele kama mtu asiye na ugonjwa. Mama Mita akabaki amesimama.

"Wifi, ile alama niliandika mimi."

"Alama ipi?"

Akamweleza. Akaanza na miezi minne ya shule kufungwa, akaja kwenye nyota, mashine, namba moja, mpaka fomu iliyokuwa kwenye mkoba. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimesimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo wale wakataji hawakuwa wananiogopa."

"Hawakuwa wanakuogopa."

"Hata kidogo?"

"Labda kidogo."

Wifi akautua ungo chini. "Miaka saba," akasema, sauti ikianza chini na kupanda. "Miaka saba natembea kifua mbele mtaa mzima, kumbe nimevaa sadaka yako! Na wewe unakaa hapa Jumapili unakunywa chai yangu, unanicheka moyoni!"

"Nilikuwa nacheka, sikatai. Lakini maji ulikunywa."

"Nani alikuomba?"

"Ungekufa kabla ya kuomba."

"Basi ningekufa! Lete hiyo fomu niichane. Usisaini kitu kwa ajili yangu, unasikia? Sitaki wema wako wa pili, wa kwanza ndio umenifikisha hapa. Nikifa, nife na heshima yangu."

"Ukifa nitabaki nagombana na nani?"

Neno hilo liliwashangaza wote wawili. Wifi akageuza uso, akaanza tena kuchambua mchele, akawa anatupa punje nzuri pamoja na mawe. Mama Mita akaona aseme yote.

"Tena si bure. Nikisaini, zinafutwa zote. Yule fundi wa mapaa, yule aliyevunjika mgongo, atakatiwa. Na wengine kumi na wanane wenye wagonjwa kweli. Miezi mitatu, labda zaidi."

Wifi alimfahamu fundi wa mapaa. Kila mtu alimfahamu. Nusu ya mabati ya mtaa ule aliyapiga yeye.

"Basi usisaini," akasema.

Paka akapita, akajisugua kwenye mguu wa kigoda.

"Usisaini," wifi akarudia, polepole zaidi.

Mama Mita akangoja asikie mara ya tatu. Hakuisikia. Wifi alishika ukuta, akainuka aende chumbani, na kigoda alichokikalia kilikuwa na damu, mbichi, nyingi, inashuka kwenye mguu wa mbao. Wote waliiona. Mama Mita alichukua tambara akapiga magoti kufuta, na alipokuwa anafuta alijua atasaini. Aliwachukia wote: afisa na kucha zake, Kampuni na tone lake linalocheka, Mzee Bomba kwa kufa na kumwachia nyota peke yake. Na zaidi ya wote alijichukia yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuhitaji hata kufikiri sana.

Alisaini Alhamisi. Hakungoja Ijumaa.

Lazima isemwe kwamba Bima, ikitaka, ina mbio. Jumatatu wifi alikuwa wodini. Jumatatu hiyohiyo Mama Mita aliitwa ofisi ya utumishi, akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa kughushi kumbukumbu za Kampuni, ikiwa imebaki miezi minane astaafu. Uanachama wake wa Bima ulikoma saa sita mchana. Akaambiwa arudishe mashine. Akairudisha, akamwambia karani wa utumishi mambo ambayo karani hakuwahi kuambiwa na mtu wa umri ule, akatoka kwa geti la mbele.

Jumatano wifi alipasuliwa, wakatoa uvimbe wa kilo mbili na nusu. Alhamisi asubuhi alikuwa ameshaanza kuwasumbua wauguzi.

"Huyo anayekuja ni wifi yangu," aliwaambia pale Mama Mita alipoingia na chupa ya chai. "Mkague mfuko wake. Ni mwongo aliyethibitishwa na ofisi."

Muuguzi akacheka. Wifi hakucheka. Alimtazama Mama Mita, midomo imekauka, akauliza kwa sauti ndogo, "Umekwenda kwa fundi?"

"Bado."

"Nenda."

Ukweli ni kwamba alikuwa amekwenda mara mbili. Tangu siku aliyosaini alikuwa na siku saba nzima za kumwambia mke wa fundi ajaze kila ndoo, kila pipa, kila sufuria. Mara ya kwanza alifika kwenye kona akageuka. Mara ya pili alifika hadi ukutani, akasikia ndani mwanamke anaimba huku akimimina maji, akarudi mbio kama mwizi. Mwanamke aliyewatukana wakurugenzi wanne usoni alikuwa anaogopa. Akajiambia labda wakataji watachelewa, labda mwezi ujao. Yeye, aliyeijua Kampuni tangu ikiwa tangi, akajidanganya na hilo.

Alipotoka hospitali aliwakuta mtaani. Gari mbili, watu sita, na karatasi ndefu. Walikuwa wameanza alfajiri na walikuwa wamebakiza nyumba nne. Dobi alikuwa amesimama barabarani na beseni la nguo zenye povu. Bibi wa wajukuu wanne alikuwa anawalaani wakataji kwa ukoo, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, tumetumwa," mkubwa wao akasema. Alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na moja. "Usituangalie hivyo. Karatasi inasema hakuna mgonjwa hata mmoja."

"Kwa fundi wa mapaa mmeshafika?"

Akaangalia pembeni. "Tumeanzia huko."

Mama Mita akaenda nyumbani kwake. Bomba lake lilikuwa linatoka maji, kwani yeye alikuwa amelipa siku zote na hakuwahi kujichorea nyota. Akajaza madumu mawili ya lita ishirini, akayabeba moja kila mkono. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu asiye na kitu. Yeye alipumzika mara tano, na kila alipopumzika aliyapanga maneno. Angeeleza habari za fomu. Angemweleza alivyosema afisa, kwamba mfumo ulikuwa na mambo mawili tu. Angeahidi kuleta maji kila siku, asubuhi na jioni, siku zote tisini, na alikuwa anamaanisha.

Mke wa fundi alikuwa mlangoni. Mwanamke mwembamba, mikono imechubuka kwa sabuni, shuka chafu limekunjwa begani. Hakuonekana kushangaa.

"Wamesema umeandika kwamba hapa hakuna mgonjwa," akasema.

"Niliandika kwamba zote nilidanganya."

"Na hapa ulidanganya?"

"Hapa sikudanganya."

"Sasa kwa nini ukaandika?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwepo, yamejaa mdomoni. Aliyatazama, akaona ni maneno ya jengo la vioo.

"Wifi yangu alikuwa anakufa," akasema.

Mke wa fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia sababu na kuielewa. "Amepona?"

"Atapona."

"Tunashukuru," mke wa fundi akasema, na hakukuwa na shukrani yoyote ndani yake. Akayatazama yale madumu, hakunyoosha mkono kuyapokea. Kutoka chumba cha ndani sauti ya mwanaume ikauliza nani yuko mlangoni. Mwanamke alijisogeza pembeni, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Ingia," akasema. "Yuko macho. Kamwambie wewe mwenyewe kwamba haumwi."

Mama Mita akayatua madumu, akaingia.